Nilimpeleka Mumbua Shule ya Kilungu

Mama Mumbua,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali. Wewe sikuulizi. Mimi mzima, ila goti la kulia linanisumbua tangu ile safari. Mume wangu Salim anakusalimu. Nilipomwambia nataka kukuandikia alikwenda dukani akaniletea wino na karatasi nzuri, zile za kuuza.

Naandika kwa herufi ulizonifundisha wewe kwa kipande cha mkaa, nyuma ya karatasi za kufungia sukari, hapa hapa barazani kwetu Zombe. Unakumbuka nilivyokuwa naanzia kulia kila mara? Ulikuwa unacheka mpaka unashika ukuta. "Mwanaisha, huku si chuoni kwenu kwa Kurani, huku tunaanzia kushoto." Sasa naanzia kushoto bila kukumbushwa. Herufi zangu bado zimepinda, utanisamehe.

Nina mengi ya kukuambia na mengine hutayapenda. Acha nianze na lile ulilokuwa ukilingojea: Mumbua ameanza shule. Amemaliza muhula wa kwanza, sasa yuko nyumbani kwa likizo, na Jumatatu tunarudi.

Barua yako ilijibiwa, Syokau. Ile uliyoiandika ukiwa umelalia ubavu mmoja kwa sababu ya kifua, ukipumzika kila baada ya mstari. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa mwinjilisti wa kanisa lenu ili aitie posta Kitui. Kila siku ulikuwa unaniuliza, "Imejibiwa?" Kila siku nakwambia bado. Mpaka siku ile ulipoacha kuuliza, nikajua.

Jibu lilifika zikiwa zimebaki siku mbili kutimia arobaini yako kwa hesabu zetu. Ninyi hamhesabu, lakini mimi nilikuhesabia. Mwinjilisti alikuja mwenyewe na baiskeli yake, akasimama hapo nje na bahasha mkononi. Juu yake waliandika jina lako. Akaniambia, "Mwenyewe hayupo. Wewe ndiye uliyeileta, basi ipokee wewe."

Waliandika kwamba shule ni ya misheni, si ya serikali, na ni ndogo, na wanachukua watoto wachache tu wasiosikia. Mumbua atapokelewa. Aletwe na mzazi au mlezi muhula ukifunguliwa, aje na blanketi, magauni mawili, na barua ya kanisa. Niliisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Halafu nikalia juu yake, wino ukachuruzika pale penye jina lako.

Sasa nikuambie kuhusu Susu, mama mkwe wako.

Tangu ulipoondoka Mumbua alikuwa anakaa naye kule ng'ambo ya mto. Macho yake yameharibika zaidi kuliko ulivyoyaacha. Mtoto wa jicho ameziba lote la kushoto, na la kulia anaona vivuli tu. Mumbua ndiye aliyekuwa akimshika fimbo kwenda mtoni, ndiye aliyekuwa akimchagulia mawe kwenye kunde, ndiye aliyekuwa akimsogeza mbali na moto. Nikaenda nikamkuta anapukuchua mahindi. Nikamsomea barua nikimgeuzia kwa Kikamba, kile Kikamba changu unachokijua. Hakusimamisha mikono mpaka nilipomaliza. Kisha akasema:

"Mimi sioni, yeye hasikii. Tumegawana. Sasa wewe umekuja kuniondolea macho?"

Akaongeza, polepole, "Na wewe huna mtoto. Watu wanasema unamtaka huyu."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nakwambia wewe kwa kuwa hutamwambia mtu. Nilimtaka. Ile barua niliifungia kwenye sanduku langu chini ya nguo, nikakaa nayo zaidi ya wiki. Nilikuwa nikipika nawaza: nikiichoma, nani atajua? Susu hataki aende, hatasema kitu. Mwinjilisti nitamwambia wamekataa. Nitamchukua Mumbua akae hapa nyumbani, nitamfundisha kushona, Susu nitamtafutia msichana wa kumsaidia. Nilishachagua hata mahali pa kitanda chake. Hayo ndiyo niliyoyafanya na barua yako.

Kilichonizindua ni siku ya soko.

Nilikuwa nimempa Mumbua kipande cha sabuni ampelekee Susu. Alipokuwa akipita katikati ya wauzaji, mama mmoja mgeni, si wa hapa Zombe, akamshika mkono akasema sabuni ile ni yake. Mumbua akaanza kueleza. Alieleza kwa mikono, Syokau, kama ulivyomzoesha. Alijifunika kichwa kwa kiganja, maana yake mimi, Mwanaisha, kwa sababu ya leso yangu. Akaonyesha kutoa, akaonyesha mgongo uliopinda, maana yake Susu. Alisema yote, hakuacha kitu: Mwanaisha amenipa, nampelekea Susu. Watu wakacheka. Wakadhani ana wazimu. Yule mama akachukua ufito wa kuswagia mbuzi akampiga nao mgongoni, na Mumbua akazidi kueleza huku anapigwa, upesi upesi, kwa mikono miwili, kama kwamba tatizo ni kwamba hajasema vizuri.

Mimi nilifika kumekwisha. Wote waliniomba radhi. Itasaidia nini?

Nilipokuwa nikimpaka mafuta mgongoni nilihesabu watu duniani wanaoielewa ile mikono. Wewe, uliyeianzisha. Mimi, niliyejifunza kwenu hapa barazani. Susu, ambaye sasa haioni. Basi nilikuwa nimebaki peke yangu, na mimi ndiye niliyeificha barua.

Nikamrudishia Susu mtoto, nikamwambia yote, la soko na la sanduku. Hakunikemea. Alimwita Mumbua kwa kugonga chini fimbo ili mtetemo umfikie miguuni, kama wanavyofanya wawili hao. Akampapasa mgongo kwa vidole, alama moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha akasema, "Mpeleke. Lakini urudi wewe mwenyewe uniambie umemwacha wapi. Usitume mtu." Nikamwahidi pia kwamba nitakuja kumtekea maji. Hilo nimelitimiza.

Salim alishona magauni mawili ya buluu. Aliweka upindo mrefu chini, ili yateremshwe akirefuka.

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu unasita.

Siku ya maziko yako wazee walimtuma Mumbua mlimani na mbuzi ili asione. Unajua walivyo. Walisema hasikii, hataelewa, ya nini kumtia hofu. Alirudi jioni na mbuzi wake, watu wameshatawanyika. Akaingia nyumbani kwako, akatoka. Akanijia mimi. Akagusa shavu kwa kidole, pale penye alama yako ya moto, hilo ndilo jina lako, halafu akafungua viganja. Mama yuko wapi?

Mimi nikanyoosha mkono kuelekea barabarani. Amekwenda mbali.

Niliona nitamwambia baadaye, nikishapata nguvu. Siku ikaenda, ikaenda wiki. Aliuliza tena mara mbili tatu, nikajibu vile vile. Kisha akaacha kuuliza, nikajidanganya kwamba ameelewa mwenyewe.

Basi nilipotaka kumweleza habari ya shule sikuwa na ishara ya shule. Wewe hukuwahi kuitengeneza. Nikamwonyesha kitabu, nikamwonyesha kulala siku nyingi, halafu nikanyoosha mkono kuelekea barabarani. Tunakwenda mbali.

Aliruka, Syokau. Sijawahi kumwona akiruka vile. Akakimbilia sanduku lako, akatoa kitambaa chako cha kichwa, kitana chako, na ile sahani ya bati unayoipenda, akavitia kwenye kiondo. Mimi nikafurahi. Nikasema moyoni, mtoto anachukua ukumbusho wa mama yake. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mtu mzima kama mimi.

Tulipanda lori la mkaa mpaka Kitui, tukapata basi la Machakos. Njiani askari walisimamisha basi wakataka karatasi za kila mtu, na Mumbua akawatolea kiondo chake wakague. Walicheka, wakamrudishia. Machakos tulilala kwa shangazi yake Salim. Kesho yake gari jingine lilituteremsha chini ya milima ya Kilungu, tukaanza kupanda kwa miguu. Huko si kama kwetu. Kuna ubaridi, mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu, maji yanapita yenyewe kando ya njia. Hapo ndipo goti langu lilipoharibika. Mumbua alitangulia. Kila kona alikuwa akigeuka ananipungia nifanye haraka.

Shule yenyewe ni nyumba tatu za mabati na uwanja uliofagiwa. Mwenye shule ni mwanamke Mzungu wanayemwita Misi, mrefu, si kijana. Yuko pia mwalimu Mkamba, Mwalimu Ndanu, mwanamke mwenye sauti ya chini. Misi alimsimamisha Mumbua, akaenda nyuma yake akapiga ngoma. Mumbua akageuka. Moyo wangu ulipaa! Misi akatikisa kichwa. Akakunja blanketi mara nne, akamsimamisha juu yake, akapiga tena. Safari hii Mumbua hakugeuka. Ilikuwa ni sakafu tu iliyomwambia.

Misi akaniuliza, "Wewe ni mama yake?"

"Mama yake amefariki. Mimi ni rafiki yake."

"Dini yako?"

"Mwislamu."

Akaitazama barua ya mwinjilisti, akanitazama mimi na leso yangu. "Na unamleta kwetu?"

Nikamwambia, "Mama yake ndiye aliyewaandikia. Mimi nimekuja badala yake." Akainama, akaandika jina langu mahali pa mlezi. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alimfuta Mumbua vumbi usoni kwa kitambaa chake mwenyewe.

Mimi njiani kote nilikuwa nimejitayarisha. Nilitaka kuwaachia maneno yako, wasihangaike. Nikaanza: hii ni maji, hii ni mbuzi, hii ni Susu, hivi vidole vikishuka ni mvua, na pia ndiyo jina lake mwenyewe, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Misi alinisikiliza mpaka hapo. Kisha akaishika mikono ya Mumbua, iliyokuwa ikinifuatisha, akaishusha. Aliishusha polepole, bila ukali.

"Hapa hatutumii mikono," akasema. "Akitumia mikono hatajifunza kutumia mdomo."

Nikamwambia, "Lakini hayo ndiyo maneno yake."

"Itabidi ayaache."

Tulipokuwa tukibishana hivyo Mumbua alitoka. Nilimwona kwa mlango akivuka uwanja na kiondo chake. Akaingia bwenini. Akatoka akaingia darasani. Akaenda jikoni, mpishi akamsogeza, akachungulia nyuma ya mpishi. Akarudi bwenini tena, na safari hii nilimwona akipiga magoti, anaangalia chini ya vitanda. Kisha akaja mbio mpaka mbele yangu, anahema, kiondo kifuani. Akagusa shavu. Akafungua viganja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitambaa, kitana, sahani. Alikuwa anakuletea vitu vyako.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilikuwa na mikono. Lakini Misi alikuwa amesimama, na ameshasema hapa mikono haitumiki, na mimi nikaishika ile sheria yake kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. Nikaingiza mikono ndani ya leso. Nikamwachia Mwalimu Ndanu amshike mabega, nikamwinamia nikambusu kichwani, nikaondoka.

Hakulia mwanzoni. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye lango, kana kwamba nimesahau kukuingiza. Nilipofika njia ya kuteremka nikaisikia sauti yake, ile sauti yake isiyo na neno. Nilishuka nayo mpaka mto wa kwanza. Sikugeuka. Hata leo sijui kama nilifanya vizuri kutogeuka.

Nilirudi kwa Susu kama nilivyoahidi. Nilimwambia kuhusu milima, vitanda, chakula, na blanketi lililokunjwa mara nne. Habari ya kutafuta chini ya vitanda sikumwambia.

Muhula huo ulikuwa mrefu. Kule ng'ambo walisema nimemuuza mtoto kwa Wazungu. Huku kwetu, kwenye arusi ya binti wa jirani, akina mama walisema nimemtoa yatima kwa Wakristo. Nikamweleza Salim, akasema, "Waambie alizaliwa Mkristo, na aliyetaka asome ni mama yake." Niliwaambia. Waliendelea kusema. Kila baada ya siku moja nilivuka mto na mtungi, nikamchemshia Susu uji, nikamshika fimbo. Alikuwa akisahau, anagonga chini fimbo kumwita Mumbua.

Mwalimu Ndanu aliniandikia mara tatu. Barua ya kwanza alisema mtoto hali. Ya pili alisema sasa anakula, ila akisikia, ndivyo alivyoandika kwa kuzoea, kisha akakata, ila akiona mgeni anakuja, huacha kila kitu akaenda kusimama langoni. Ya tatu ilikuwa fupi: ametamka neno.

Nilipokwenda kumchukua waliwatoa watoto kwa mstari. Wote walikuwa wameweka mikono nyuma. Na yeye pia. Amerefuka, Syokau, Salim alifanya vyema kuweka upindo. Nikamwita jina lake kwa vidole, mvua ikishuka. Aliona. Nilijua ameona. Lakini kabla ya kufanya chochote aligeuza macho akatazama upande wa Misi, na mikono ikabaki nyuma. Akanikaribia. Akafungua mdomo, shingo ikakaza, akasema:

"Ma-ji."

Hakuwa na kiu. Ndilo neno aliloweza, akanipa hilo.

Njia nzima hakutumia mikono. Hata tulipovuka Kitui na hakuna wa kumkataza. Nilimwonyesha mbuzi kando ya barabara, nikaweka vidole viwili kwenye paji la uso, akanitazama tu. Sijui kama amesahau au amekasirika. Nilikaa ndani ya lile lori nikiwaza kwamba maneno yote uliyoyatengeneza, miaka yote ile, wewe na yeye mmekaa chini mnatengeneza moja moja, yamebaki kwangu mimi niliye nje.

Lakini kuna jambo moja lazima nikuambie, maana ni haki ya wale walimu. Tulipofika kwa Susu, Mumbua alikwenda moja kwa moja akapiga magoti mbele yake. Akauchukua mkono wake akauweka kooni pake, kama wanavyowafundisha huko ili wahisi sauti. Akasema, "Su-su."

Susu aliuliza, "Nani huyo?" Kweli hakumjua. Hakuna aliyewahi kumwita kwa sauti ile. Mumbua akarudia, huku ameukaza ule mkono kooni. "Su-su." Bibi yule, ambaye hata kwenye maziko yako alikuwa mkavu, alimkumbatia akalia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Baadaye aliniambia, "Siku zote hizi alikuwa ananiita kwa mikono, na mimi sioni." Wewe na mimi hatukuwahi kulifikiria hilo. Misi pia nadhani hakulifikiria.

Basi nikaona siwezi tena kukaa kimya. Alhamisi iliyopita nilimchukua mpaka kaburini kwako.

Alikuwa akipita hapo kila siku na mbuzi, kwake ni kifusi cha mawe tu. Nikakaa chini, nikamkalisha. Nilikuwa nimewaza kutumia ishara ya kulala, nikaiacha, maana mtu akilala tunamngoja aamke. Wiki ile mbuzi mmoja mchanga wa Susu alikufa, Mumbua mwenyewe alimbeba amekuwa baridi, tukamzika pamoja. Nikaanzia hapo. Mbuzi mdogo. Nikauweka mkono wake kifuani pangu, nikavuta pumzi, nikaacha kuvuta, nikakaa hivyo muda. Udongo. Kisha nikagusa shavu. Nikaweka kiganja juu ya mawe.

Alitazama mawe. Akanitazama mimi. Akainua mikono, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu atoke Kilungu, akaweka vidole viwili pajini, akafanya udongo, akagusa shavu, akaniuliza kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa.

Akanipiga. Alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na ana nguvu siku hizi. Nilimwacha. Alipochoka alinyoosha mkono kuelekea barabarani, ile ishara yangu ya mbali, kisha akaupiga mkono huo kwa mkono wa pili, mara nyingi, mpaka ukawa mwekundu. Hakuna aliyemfundisha ishara hiyo. Nilielewa.

Kisha akajilaza juu ya mawe yako, uso chini. Nilikaa pembeni mpaka kivuli cha mlima kikatufikia. Susu alikuwa akigonga fimbo huko nyumbani, mimi namsikia, yeye hasikii, na sikuwa na moyo wa kumgusa bega.

Tangu siku hiyo haniangalii usoni. Chakula akipewa na Susu anakula, nikimpa mimi anaweka chini. Jana alikuja hapa barazani akakaa kwenye ngazi, mgongo kwangu, nikashona, naye akakaa, hakuna aliyemgeukia mwenziwe. Alipoondoka nilimwangalia mpaka mtoni. Sijui kama amekuja kwangu au amekuja mahali ulipozoea kukaa wewe.

Leo asubuhi nilimfuata. Nilisimama mbele yake ili asiweze kunikwepa, nikamweleza kwa mikono habari ya Jumatatu. Safari hii sikufupisha. Kilungu, vitanda, kitabu, ngoma. Misi, na mikono nyuma. Atalala mara ngapi kabla sijaja kumchukua, nikamwekea punje za mahindi moja moja chini, zikajaa. Na kwamba wewe hutakuwa huko. Hutakuwa popote tutakapokwenda. Nikamwambia asipotaka, tusiende, nami nitamwandikia Misi. Nikamngoja.

Alizitazama punje muda mrefu. Halafu akaingia ndani akatoka na blanketi lake la shule, akalianika juani.

Kwa hiyo tutakwenda, Mama Mumbua. Nimeshamwandikia Misi kwa adabu kwamba huko kwake ni sheria yake, lakini likizo ni yetu, na nyumbani kwangu mtoto atasema kwa chochote alicho nacho. Sijui atajibu vipi. Susu nitaendelea kumtekea maji maadamu goti linanibeba, na likikataa Salim amesema atakwenda yeye.

Hutanijibu, kwa hiyo nitafunga hapa. Barua hii sitaiweka kaburini, mvua itaiharibu. Namwekea Mumbua, aisome siku atakapoweza kuisoma, ajue yote niliyofanya, na lile la sanduku pia. Akitaka kunipiga tena siku hiyo, sawa.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi jambo moja tu: mtoto wako akiniuliza kitu tena, hata kiwe kizito namna gani, nitamjibu siku hiyo hiyo.

Mimi wako,
Mwanaisha
Zombe